Bei ya Mchezaji Yafichwa kwa Nini?

Jioni moja, masomo yalipokwisha, nilipita kando ya uwanja hapa Mudzipela, nikakuta kundi la wanafunzi wameuacha mpira chini ya mti wakishika ubishi. Mmoja alisema kwamba mchezaji fulani wa Kongo amenunuliwa kwa dola milioni moja. Wa pili akaapa kwamba ni laki tatu tu. Wa tatu akasema wote wawili ni waongo, kwa maana klabu yenyewe haikutaja kitu. Waliponiona wakanikimbilia: "Mwalimu, utuamulie! Mtu huyu ameuzwa kwa bei gani?" Nikajibu kwamba sijui. Wakacheka, kwa sababu watoto huona ajabu mwalimu asipojua. Ndipo mdogo wao akaniuliza swali lililo gumu kuliko la kwanza: "Kama biashara yao ni halali, kwa nini wanaificha bei?"

Wasomaji wapenzi, nilirudi nyumbani na swali hilo. Nimelichunguza siku nyingi, na leo nataka kuwaeleza niliyoyapata, kwa maana jambo hili haliwahusu matajiri wa Ulaya peke yao. Latuhusu sisi wazazi na walimu wa Bunia, ambao watoto wetu hucheza kila jioni mavumbini, na huenda mmoja wao akaitwa mbali siku moja.

Kinacholipiwa ni nini?

Kwanza tusahihishe neno. Vijana husema kwamba mchezaji "ameuzwa", na magazeti nayo husema vivyo hivyo. Lakini binadamu hauzwi. Mchezaji wa mshahara hufunga mkataba na klabu yake, tuseme wa miaka 3 au 4. Klabu nyingine ikimtaka kabla mkataba haujaisha, sharti iilipe klabu ya kwanza ili ikubali kumwachilia. Malipo hayo ndiyo ada ya uhamisho. Mkataba ukiisha, mchezaji yu huru kwenda atakako, wala hakuna ada. Huko Ulaya uhuru huo ulithibitishwa mwezi wa Desemba 1995, Mahakama ya Ulaya ilipomwamulia Jean-Marc Bosman, mchezaji wa Ubelgiji aliyezuiliwa na klabu yake ya Liège ijapokuwa mkataba wake ulikuwa umekwisha.

Basi ada ni mapatano ya vilabu viwili, na fedha zake ni nyingi mno. Kwa hesabu ya FIFA, shirikisho la mpira la dunia, mwaka 2023 vilabu vya wanaume vilitumia dola bilioni 9.63 kwa uhamisho wa nchi hata nchi. FIFA huweza kutoa jumla hiyo kwa sababu tangu Oktoba 2010 kila uhamisho wa namna hiyo sharti uandikwe katika mtambo wake. Klabu inayomtoa mchezaji huandika kwa upande wake, na ile inayompokea kwa upande wake, mpaka habari zao zilingane. Kwa hiyo bei haifichwi kila mtu. FIFA yaijua, tusioijua ni sisi tulio nje ya mlango.

Siri ya sokoni

Mtu aliyewahi kupeleka ng'ombe sokoni hapa Ituri ataelewa upesi sababu ya kwanza. Ukiuza ng'ombe wako asubuhi, kisha ukapita ukitangaza fedha ulizopata, mchana ukienda kununua mbuzi kila mwenye mbuzi atapandisha bei, kwa kuwa ajua mfuko wako umejaa. Na yule aliyemnunua ng'ombe wako, akitangaza alichotoa, wauzaji wengine watamdai kiasi hicho hicho. Vilabu navyo ndivyo vilivyo. Iliyopokea fedha nyingi yajua kwamba kesho itatafuta mchezaji mwingine wa kujaza pengo, na haitaki wauzaji wahesabu mali yake. Iliyotoa fedha nyingi haitaki kuonekana kama shamba lisilo na ua.

Sababu ya pili ni kwamba mara nyingi bei si hesabu moja. Sehemu hulipwa leo, sehemu mwakani, sehemu hulipwa tu kama mchezaji akicheza mechi kadhaa au klabu ikitwaa kombe. Tena klabu ya kwanza yaweza kujiwekea fungu katika ada ya siku za mbele, mchezaji akihama tena. Basi klabu moja ikihesabu yaliyo hakika, na nyingine ikihesabu yote yawezayo kuja, zitatoa hesabu mbili mbalimbali, na kila moja itadhaniwa ni mwongo. Ndiyo maana katika mapatano yao huandika kwamba hakuna atakayetangaza.

Sababu ya tatu ni mchezaji mwenyewe. Kijana aliyetangazwa kuwa wa mamilioni, akikosa bao moja, uwanja mzima humhesabia fedha hizo juu ya kichwa chake. Mzigo huo waweza kuvunja miguu ya mtu wa miaka 20.

Sababu hizo tatu si aibu. Hata hivyo tusidhani kwamba mpira hauwezi kuendelea bila siri. Juventus ya Italia, ambayo hisa zake huuzwa katika soko la hisa, ilipomchukua Cristiano Ronaldo kutoka Real Madrid mwaka 2018, iliwatangazia wenye hisa kwamba ada ni euro milioni 100 zitakazolipwa kwa miaka 2, pamoja na gharama nyingine za euro milioni 12. Klabu haikuanguka kwa kusema hivyo. Ilisema kwa sababu sheria inawapa wenye hisa haki ya kujua mali yao imekwenda wapi.

Hofu ya viongozi

Ziko sababu nyingine ambazo viongozi hawapendi kuzitaja. Kiongozi aliyemwachilia mchezaji huogopa kuambiwa amekubali bei ya chini. Aliyemchukua huogopa kuambiwa ametupa mali. Tena klabu yenye madeni huwaogopa wadai wake. Wachezaji ambao hawajapata mshahara miezi mitatu, mwenye hoteli, mwenye basi, wote watabisha hodi siku ile ile watakaposikia kwamba fedha zimeingia.

Mfano mmoja ni wa jirani zetu. Mwezi wa Januari 2013 klabu ya Simba ya Dar es Salaam ilimwachilia Emmanuel Okwi, mshambuliaji wa Uganda, aende Étoile du Sahel ya Tunisia. Ada ilitajwa hadharani: dola 300,000. Lakini fedha hazikufika kwa wakati, na Simba ikalazimika kupeleka madai yake FIFA. Miaka ikapita, na wapenzi wa Simba hawakuacha kuuliza: laki zetu tatu ziko wapi? Maswali ya namna hiyo huwachosha viongozi wa klabu yo yote. Lakini fikirini, ndugu zangu: wapenzi hao wangeuliza nini kama wasingaliijua hesabu?

Mfano wa pili watugusa sisi Wakongo pia. Mbwana Samatta, kijana wa Tanzania, alitoka Simba mwaka 2011 akaja TP Mazembe ya Lubumbashi. Mwaka 2015 Mazembe ilitwaa kombe la mabingwa wa Afrika, na Januari 2016 Samatta akatangazwa kuwa mchezaji bora miongoni mwa wale wachezao barani Afrika. Mwezi huo huo akaenda Genk ya Ubelgiji. Januari 2020 akahamia Aston Villa, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza katika ligi kuu ya Uingereza. Villa, katika kutoa habari hizo, ilisema tu kwamba ada haitajwi. Magazeti ya Uingereza yakakisia yapata paundi milioni 8 hata 10, na watu wa Dar es Salaam na Lubumbashi wakabishana kama vile wanafunzi wangu.

Mimi na wewe, msomaji, hatukupungukiwa na kitu kwa kutoijua ada ya Samatta. Tulishangilia tu. Lakini je, hakuna ye yote ambaye kutojua kwake ni hasara?

Mwenye fungu asipojua

Mwaka 2013 klabu ya Barcelona ilimchukua Neymar kutoka Santos ya Brazili, ikatangaza kwamba amegharimu euro milioni 57.1. Katika hizo, milioni 17.1 tu zilikwenda Santos. Milioni 40 zilikwenda kwa kampuni ya familia ya mchezaji. Ilikuwako kampuni nyingine ya Brazili yenye haki ya asilimia 40 ya ada. Hiyo ililipwa fungu lake katika zile milioni 17.1 peke yake, ikalalamika kwamba imepunjwa. Januari 2014 rais wa Barcelona akajiuzulu, na mara klabu ikaeleza kwamba gharama zote zaweza kufika euro milioni 86.2. Kesi ilichukua miaka mingi, na mwishoni mwa 2022 mahakama ya Barcelona ikawaachia huru wote walioshtakiwa.

Simwiti mtu mwizi, maana mahakama imekwisha kusema. Nataka tuone jambo moja tu. Mpenzi wa mpira akidanganywa bei, hupoteza ubishi wake na marafiki. Lakini mtu anayelipwa kwa fungu, hesabu ikifichwa au ikipunguzwa, hupoteza chakula chake. Kumbe siri moja ile ile yaweza kuwa busara kwa mmoja na dhuluma kwa mwingine.

Tena wenye fungu ni nani? Wako mchezaji na wazazi wake, ikiwa wameahidiwa sehemu. Na wako wengine ambao wengi wetu hatuwajui: vilabu vidogo vilivyomlea.

Robo na nusu ya asilimia

Sheria za FIFA zasema hivi: mchezaji wa mshahara akihama nchi hata nchi kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada hutengwa kwa ajili ya vilabu vilivyomlea tangu umri wa miaka 12 hata 23. Kila msimu wa umri wa miaka 12, 13, 14 na 15 una robo ya asilimia moja. Kila msimu tangu miaka 16 hata 23 una nusu ya asilimia moja. Wala fungu hilo haliishi kwa mara moja. Kila ahamapo kwa ada, hata akiwa mtu mzima, hesabu hufanywa upya. Samatta alipokwenda Villa alikuwa na umri wa miaka 27, lakini vilabu vilivyomlea Dar es Salaam na Lubumbashi vilikuwa bado na haki.

Sasa turudi kwa wale vijana uwanjani. Tuseme mtoto amecheza katika klabu ya hapa Mudzipela, iliyoandikishwa kwa sheria, tangu umri wa miaka 12 mpaka mwisho wa msimu wa miaka 17. Misimu 4 ya kwanza ni asilimia 1, misimu 2 ya mwisho ni asilimia 1 nyingine, jumla 2. Kisha baada ya miaka kadhaa ahama kutoka Lubumbashi kwenda Ubelgiji kwa dola 1,000,000. Fungu la Mudzipela ni dola 20,000. Lakini wakubwa wakiandika kwamba ada ni dola 300,000, fungu hilo litakuwa dola 6,000. Tofauti ni dola 14,000: mipira, jezi, viatu, na karo za shule za watoto wengi. Yule aliyesema milioni na yule aliyesema laki tatu walidhani wanabishania maneno matupu, kumbe walikuwa wakibishania viatu vyao wenyewe.

Yafaa niseme pia mpaka wa sheria hiyo, nisije nikawapa matumaini ya bure. Kijana akitoka Bunia kwenda Kinshasa au Lubumbashi, uhamisho ni wa ndani ya nchi, na fungu hilo la FIFA halidaiwi na klabu ya hapa. Hapo klabu haina ngao ila mapatano iliyoyaandika yenyewe. Ni siku atakapovuka mpaka ndipo sheria inapoanza kufanya kazi.

Zamani klabu ndogo ilikuwa lazima idai yenyewe: isikie habari, iandike barua, ingoje. Nyingi hazikusikia kamwe. Mwaka 2019 ada za nchi hata nchi zilifika dola bilioni 7.35. Asilimia 5 ya fedha hizo yapita dola milioni 360, lakini zilizowafikia walezi zilikuwa chini ya milioni 100. Kwa sababu hiyo FIFA ilianzisha Nyumba ya Malipo mjini Paris, nayo ilianza kazi Novemba 2022. Siku hizi fungu hukokotolewa kwa kutazama vitu viwili: ada iliyoandikwa katika mtambo, na pasi ya mchezaji, yaani orodha ya vilabu vyote alivyoandikishwa tangu umri wa miaka 12. Basi hata kama ada haikutangazwa kwetu, mlezi aweza kulipwa haki yake. Ila aliye nje ya orodha hana fungu, hata kama alimfundisha mtoto kufunga kamba za viatu.

Mali bila daftari

Hapa sina budi kukiri kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita kijana mmoja wa mtaa wetu alichukuliwa na klabu ya mji wa mbali. Mtu aliyekuja kumchukua alileta mipira miwili na jozi moja ya jezi. Alimtajia baba yake kiasi kimoja cha fedha, akamtajia kocha wetu kiasi kingine, akawasihi kila mmoja asimwambie mwenziwe, eti biashara ya mpira ni siri. Wale wazee wawili walinyamaza mwaka mzima. Walipokutana msibani, wakaanza kuzungumza, ndipo kila mmoja alipogundua kwamba alisikia habari tofauti, na kwamba hakuna hata mmoja aliyepata kilichoahidiwa. Urafiki wao wa miaka 20 ukaingia doa.

Tukaketi kutafuta karatasi za kuonyesha kwamba kijana alikuwa wetu. Mwandishi wa timu alikuwa nani? Alikuwa mimi. Nilifungua daftari langu, nikakuta nimeandika mabao yote kwa uaminifu, na majina ya tuliowashinda. Lakini tarehe za kuzaliwa za wachezaji sikuandika. Mwaka kila mmoja alipoingia sikuandika. Leseni sikuwaombea wote, kwa kuona kwamba ni gharama. Tulikuwa na picha moja tu, na katika picha hiyo kijana wetu ameangalia pembeni. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Nilikuwa nikiwafundisha wanafunzi methali hiyo kila mwaka.

Tukimlaumu yule mgeni kwa siri yake, tujilaumu na sisi, maana alitukuta gizani. Katika Ituri jambo hili ni gumu zaidi, kwa kuwa familia nyingi zilizokimbia vita zimepoteza hati za watoto wao. Lakini ugumu si sababu ya kuacha. Ni sababu ya kuanza mapema.

Tufanye nini?

Kwanza, kila klabu ya mtaa iwe na daftari la wachezaji, si la mabao tu: jina kamili, tarehe na mahali pa kuzaliwa, majina ya wazazi, siku aliyoingia na siku aliyotoka. Nakala moja ikae kwa mwandishi, nyingine mahali pengine palipo salama.

Pili, mtoto aliyefika miaka 12 aombewe leseni kwa njia ya chama cha mpira cha mji, ili jina lake lifike kwa shirikisho la nchi, FECOFA. Daftari letu ni ushahidi. Lakini leseni ndiyo itakayoiweka klabu katika pasi ya mchezaji.

Tatu, akija mtu kumtaka kijana, asikubaliwe kuzungumza na mmoja mmoja pembeni. Waketi pamoja kijana, wazazi, na viongozi wa klabu. Mapatano yaandikwe, kila mmoja apate nakala. Na akisema kwamba atampeleka kijana ng'ambo kabla hajatimiza miaka 18, wazazi wawe macho, kwa maana sheria za FIFA hukataza uhamisho wa nchi hata nchi wa watoto wa umri huo, ila kwa sababu chache zilizotajwa. Mtu asemaye, "Msimwambie mwingine," mwulizeni: huyo mwingine ana fungu au hana? Kama hana, siri yaweza kuwa ya haki. Kama anayo, mwonyesheni mlango.

Wiki iliyofuata nilirudi uwanjani na daftari jipya lenye kurasa mia. Nikamwita yule mdogo aliyeuliza, nikamwambia hivi: mnunuzi na muuzaji waweza kutuficha sisi watazamaji bei yao, kama watu wa sokoni wafanyavyo, wala hatujakosewa. Lakini hawana ruhusa ya kumficha mwenye fungu. Na mwenye fungu asiyejiandika amejificha mwenyewe. Akafikiri kidogo, kisha akauliza kama jina lake laweza kuwa la kwanza. Nikamwambia alete hati yake ya kuzaliwa. Akaondoka mbio kwenda kumwuliza mama yake.